Daladala, Mwendokasi au Pantoni: Namna ya Kuchagua Unapolivuka Jiji la Dar es Salaam

Mtu anayehamia Dar es Salaam akitokea mkoani huuliza mapema sana ni usafiri gani ulio bora, na kila anayeulizwa humpa jibu lake, kwa sababu kila mmoja hujibu kutokana na njia anayoipita mwenyewe. Anayeishi Kimara atausifu au ataulaumu mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, wa Gongo la Mboto atazungumzia daladala, na wa Kigamboni hatafika mbali kabla ya kutaja pantoni, yaani kivuko cha majini. Majibu hayo yote ni ya kweli, lakini hayamsaidii mgeni ambaye bado hajajua kazi atapata upande gani, mtoto atasoma wapi, wala siku akiugua atapelekwa hospitali ipi.

Nimeishi pande tatu tofauti za jiji hili na nimepanda karibu kila chombo kinachobeba abiria ndani yake, na maoni yangu ni kwamba watu wengi hulinganisha vitu visivyostahili kuanza navyo. Hulinganisha nauli, ambazo hazipishani sana, au hulinganisha mwendo wa gari likiwa barabarani, ambao kwa abiria wa Dar es Salaam ni sehemu ndogo ya safari. Kinachokula muda na nguvu ni kusubiri kituoni, na baada ya kusubiri ni kuunganisha, yaani kushuka gari moja na kuanza upya kugombea jingine. Kwa hiyo ninapolinganisha usafiri huu na ule naanza na maswali mawili: nitasimama kituoni muda gani kabla sijapanda, na nitashuka mara ngapi kabla sijafika? Mengine yote huja baada ya hayo.

Kuingia mjini na kulivuka jiji

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao husafiri asubuhi kuelekea upande mmoja. Barabara nne kubwa, yaani ya Kilwa inayotoka Mbagala, ya Nyerere inayotoka Gongo la Mboto na kupita uwanja wa ndege, ya Morogoro inayotoka Mbezi na Kimara, na ya Bagamoyo inayotoka Tegeta na Mwenge, zote huelekea eneo lile lile la Posta, Kariakoo na bandari, kama vidole vinavyokutana kiganjani. Inayozikata kwa ubavu ni Barabara ya Mandela, ambayo hutoka upande wa bandari, ikapita TAZARA na Buguruni hadi Ubungo, na kutoka hapo Barabara ya Sam Nujoma huendelea hadi Mwenge.

Ramani hii inaamua mambo mengi. Anayeingia mjini, kwa mfano kutoka Kimara kwenda Posta, yupo kwenye kidole kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na uchaguzi wake ni mwepesi. Anayelivuka jiji, kwa mfano kutoka Mbagala kwenda Mwenge, anatoka kidole kimoja kwenda kingine, na lazima aamue kama ataingia hadi kiganjani kisha atoke, au atakata ubavuni kwa Mandela. Ushauri unaomfaa wa kwanza unaweza kumpotezea wa pili saa nzima.

Daladala: gari linaloongozwa na hesabu

Ili kuielewa daladala ni vizuri kujua ilivyoanza. Mwaka 1974 ilianzishwa UDA, shirika la umma la usafiri wa Dar es Salaam, baada ya kutaifishwa kwa kampuni ya mabasi ya DMT, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabasi yake mazima yalikuwa machache mno kwa jiji lililokuwa likikua, na magari ya watu binafsi yakawa yanabeba abiria kwa kificho. Mwaka 1983 magari hayo yaliruhusiwa rasmi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu walikuwa wakiiita dala, kwa hiyo makondakta waliita abiria kwa kulitaja neno hilo mara mbili, na jina likabaki hata baada ya sarafu yenyewe kupoteza thamani.

Tangu wakati huo hadi leo, daladala ni biashara ya mtu mwenye gari. Dereva hulichukua alfajiri kwa makubaliano ya kumpelekea tajiri hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha kila siku, na kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho anachogawana na konda wake. Neno hilo moja, hesabu, linaeleza karibu kila tabia ya daladala ambayo abiria huisifu au huilalamikia. Kwa sababu ya hesabu, gari haliondoki mwanzo wa njia mpaka lijae. Kwa sababu ya hesabu, dereva anayekuta foleni ndefu mbele hukatisha ruti, akawashusha abiria njiani na kugeuza kurudi kule alikoona watu wengi zaidi. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo daladala hufika mahali ambapo hakuna mpangaji yeyote wa usafiri aliyepafikiria: mtaa mpya ukishapata nyumba za kutosha pembezoni mwa jiji, kipanya cha kwanza, yaani daladala ndogo, huonekana kabla ya bomba la maji.

Nguvu yake kubwa kwa anayelivuka jiji ni kwamba ruti zake ni nyingi na nyingine zimeunganisha vidole viwili moja kwa moja. Ruti huandikwa mbele ya gari na huonyeshwa pia na rangi ya mstari uliozunguka ubavuni, kwa hiyo anayeijua rangi yake hulitambua gari likiwa bado mbali. Mgeni asome maandishi hadi mwisho, kwa kuwa magari mawili yanaweza kuanzia Mbagala, moja likaishia Kariakoo na jingine Simu 2000, kituo ambacho kwa jina rasmi huitwa Mawasiliano.

Nauli husimamiwa na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Katika viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 600, ile ya kilomita 11 hadi 15 ilikuwa shilingi 700, na mwanafunzi alilipa shilingi 200. Konda hukusanya fedha gari likiwa linatembea, na anayempa noti ya elfu kumi alfajiri asishangae chenji ikichelewa. Ni heshima kwa konda, na ni usalama kwa abiria, kuwa na fedha ndogo mkononi badala ya kufungua pochi mbele ya watu.

Ubaya wa daladala hujitokeza jioni katika vituo vya katikati ya jiji. Gari linapokaribia, watu hulikimbilia kabla halijasimama, wapo wanaopitia dirishani, na mwenye mtoto mgongoni au mwenye umri mkubwa hubaki chini akitazama. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kugeuza na gari: abiria hulipanda likiwa bado linaelekea mwisho wa ruti, akakaa kwenye siti hadi likageuke, na kurudi nalo akiwa amekaa, huku akilipa nauli mara mbili. Watu wasioijua huona ni kupoteza fedha. Mimi naiona kuwa ni mojawapo ya maamuzi yenye busara zaidi anayoweza kufanya abiria anayekwenda mbali saa 11 jioni, kwa sababu shilingi 600 za ziada humpa uhakika wa kuondoka na siti ya kukalia kwa safari inayoweza kuzidi saa moja na nusu. Huo ni muda wa kusubiri ulionunuliwa, na bei yake si kubwa.

Mwendokasi: barabara yake mwenyewe, foleni yake mwenyewe

Mabasi yaendayo haraka, ambayo kila mtu huyaita mwendokasi, yalianza kubeba abiria mwezi Mei 2016 katika njia zenye jumla ya takriban kilomita 21: njia kuu kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi yanayokwenda kituo cha Morocco kupitia Kinondoni na kituo cha Gerezani kule Kariakoo. Huduma ilianza na mabasi 140, na nauli ya njia kuu wakati huo ilikuwa shilingi 650. Awamu iliyofuata ilijengwa kwenye Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, na baada yake zikafuata Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto na ile ya Bagamoyo kuelekea Tegeta.

Jambo la msingi katika mfumo huu ni kwamba basi limepewa njia yake katikati ya barabara, iliyotengwa na magari mengine, na kituo kimejengwa humo humo katikati. Kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, mabasi hayo yana milango upande wa kulia, tofauti na daladala. Tiketi hukatwa kituoni kabla ya kupanda, sakafu ya kituo imeinuliwa ikalingana na sakafu ya basi, na milango ni mipana. Basi halipotezi muda likimsubiri konda arudishe chenji, wala abiria hapandi ngazi. Kutoka Kimara hadi Kivukoni, safari ambayo kwa daladala za zamani ingeweza kuzidi saa mbili asubuhi, basi likiwa kwenye njia yake hutumia takriban dakika 45. Kwa ubora wa barabara na vituo, hakuna usafiri mwingine wa umma ndani ya jiji unaoufikia mwendokasi, na nasema hivyo nikijua malalamiko yote yanayouzunguka.

Malalamiko hayo yanahusu kile kinachotangulia kupanda. Mwendokasi uliondoa foleni ya magari barabarani, lakini mabasi yasipotosha, foleni hiyo huhamia kituoni na kuwa ya watu. Saa 12 asubuhi Kimara Mwisho, au saa 11 jioni Gerezani na Kivukoni, umati unaosubiri unaweza kuwa mkubwa hata mabasi mawili au matatu yakaondoka kabla zamu yako haijafika. Na kwa kuwa daladala nyingi ziliondolewa katika Barabara ya Morogoro ili kupisha mfumo huu, abiria aliyechoka kusubiri hana gari jingine la kukimbilia pale pale. Hii ndiyo tofauti ya maana kuliko zote kati ya usafiri huu na ule. Udhaifu wa daladala moja unafidiwa na daladala inayoifuata nyuma, ya tajiri mwingine, ilhali mabasi ya mwendokasi yakipungua siku fulani, kituo kizima kinasubiri pamoja.

Kituo unachopandia nacho kina uzito wake. Anayeanzia mwisho wa njia hupata nafasi hata kama amesubiri, lakini anayepandia Manzese au Magomeni asubuhi hukutana na basi ambalo tayari limejaa tangu Kimara, na milango ikifunguka hakuna anayeshuka. Kwa watu wa katikati ya njia, wengi hupanda kwanza kuelekea Kimara, kinyume na safari yao, ili wakaanze mwanzo; ni kule kugeuza kwa daladala kulikohamia kwenye mwendokasi.

Kisha ipo Jangwani. Bonde la Mto Msimbazi hukatwa na Barabara ya Morogoro kati ya Magomeni na kituo cha Fire, na mvua kubwa za masika, kati ya Machi na Mei, au za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, zinapolijaza, barabara hufungwa na mabasi huishia upande mmoja wa maji. Karakana ya mabasi hayo ilijengwa hapo hapo bondeni, na imewahi kufurika zaidi ya mara moja. Kwa hiyo mkazi wa Kimara au Ubungo mwenye miadi mjini siku ambayo mvua imenyesha usiku kucha asiende kituoni kabla hajauliza hali ya Jangwani. Daladala siku hiyo inaweza kuzunguka njia nyingine, kwa mwendo wa pole na kwa msongamano mkubwa, lakini itafika.

Zikiwekwa pamoja katika safari moja

Tuichukue safari ya Kimara hadi Posta na tuipime kwa saa tofauti. Saa 5 asubuhi hakuna mjadala: mwendokasi. Utasubiri dakika chache, pengine utapata siti, na barabara ni yako. Jumapili ni hivyo hivyo. Saa 12 na nusu asubuhi ya Jumatatu mambo hubadilika, kwa sababu dakika 45 za barabarani zinaweza kutanguliwa na nusu saa au zaidi ya kusimama, na hata hivyo bado naona mwendokasi unashinda kwa anayeanzia Kimara, kwa kuwa magari mengine yote yamekwama katika njia za kawaida. Kwa anayetokea Mbezi, hesabu ni nyingine: kuanzia Mbezi hadi Kimara basi halina njia yake na hukwama pamoja na magari mengine, kwa hiyo faida huanza Kimara tu. Ni kweli pia kwamba si kila basi husimama kila kituo. Yapo yanayoruka baadhi ya vituo ili kuwahi, na asiyesikiliza tangazo au asiyesoma kibao cha mbele anaweza kupitilizwa na kulazimika kurudi nyuma.

Sasa tuchukue safari ya Mbagala Rangi Tatu hadi Mwenge. Kwenye karatasi, mabasi ya njia maalumu yanaweza kukufikisha Kariakoo, ukabadilisha hadi Morocco, ukashuka tena na kutafuta gari la Mwenge. Hapo umesubiri mara tatu, na mara mbili kati ya hizo umesubiri katika vituo vyenye watu wengi kuliko vyote jijini. Daladala ya moja kwa moja inayopita Mandela hukwama nyuma ya malori ya bandarini, hasa kati ya TAZARA na Buguruni, ingawa barabara ya juu ya Mfugale, iliyofunguliwa mwaka 2018 pale TAZARA, na ile ya Kijazi ya Ubungo, iliyofunguliwa mwaka 2021, zimepunguza mateso ya makutano hayo mawili. Inaweza kuchukua muda mrefu zaidi kwa saa, lakini umepanda mara moja, ukikaa umekaa, na ukisinzia utaamshwa Mwenge. Kwa safari za namna hii, za kutoka kidole kimoja kwenda kingine, nachagua daladala bila kusita, isipokuwa saa ambazo Mandela imesimama kabisa.

Kigamboni: maji au daraja

Mkazi wa Kigamboni ana uchaguzi ambao wengine hawana. Pantoni huvuka mlango wa bandari kati ya Kigamboni na Magogoni kwa dakika chache tu, na nauli ya mtu wa miguu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, ambayo ni ndogo kuliko nauli yoyote ya mtu mzima katika gari la abiria jijini. Kituo cha Kivukoni cha mwendokasi kipo jirani na mahali pantoni linaposhushia watu, kwa hiyo anayetoka Kigamboni kwenda Magomeni, Ubungo au Kimara ana njia iliyonyooka kabisa: maji, kisha njia maalumu, na hakuna hata sehemu moja ya foleni ya magari. Safari chache za Dar es Salaam zimeungana vizuri hivyo.

Kasoro ya pantoni ni ile ile ya kusubiri, ila kwake ni kali zaidi, kwa sababu chombo kimoja kikiwa matengenezoni, watu wa pande mbili za bahari hujaa katika majengo ya kusubiria, na wenye magari hupanga mstari mrefu. Daraja linaloitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere, lenye urefu wa mita 680 kati ya Kurasini na Kigamboni, lilifunguliwa mwezi Aprili 2016 na limepunguza utegemezi huo. Daladala zinazopita darajani huzunguka mbali zaidi kwa anayekwenda Posta, lakini kwa anayekwenda Temeke, Mbagala, uwanja wa ndege au Buguruni, daraja ndiyo njia ya kawaida, na kwenda kupanda pantoni ni kujirudisha nyuma. Kanuni ninayoitumia ni nyepesi: kama safari yangu inaishia Posta au inapita Barabara ya Morogoro, navuka kwa maji; kama inaishia Buguruni au popote kusini mwa Barabara ya Nyerere, napita darajani.

Treni ya mjini

Treni ya mjini ilianza Oktoba 2012, wakati Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, ndiyo maana wengi walizoea kuiita treni ya Mwakyembe. Hutumia reli zilizokuwepo tangu zamani, na imewahudumia hasa watu wa upande wa Pugu na Ubungo Maziwa. Haina foleni ya magari na hubeba watu wengi kwa mara moja, lakini safari zake ni za asubuhi na jioni, kwa hiyo inamfaa mwenye saa maalumu za kazi anayeishi karibu na reli, na haimfai mwingine. Wageni wengine huichanganya na treni ya umeme ya SGR iliyoanza safari za Morogoro mwezi Juni 2024. Hiyo ni ya safari za mikoani, na ingawa ina stesheni Pugu, sijaona sababu ya kuihesabu katika usafiri wa ndani ya jiji.

Bodaboda na bajaji

Bodaboda ndiyo pekee inayoshinda foleni kila saa na kila barabara, na haina kusubiri kabisa, kwa sababu kijiwe kipo kila kona. Kwa vipimo vyangu viwili vya mwanzo ingeshinda usafiri wote. Hata hivyo siwezi kumshauri mtu alivuke jiji zima kwa pikipiki, kutoka Mbagala hadi Tegeta, katikati ya malori. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zimepokea majeruhi wengi mno wa ajali hizo, vijana wenye familia, na yeyote aliyewahi kumwuguza ndugu yake pale hataona dakika 30 alizookoa kuwa na thamani hiyo. Iwapo ni lazima upande, dai kofia ngumu na uifunge kidevuni, usikubali mshikaki wa abiria wawili, na mwambie dereva kwa upole lakini kwa uthabiti, "Kijana wangu, sina haraka." Nimeona maneno hayo yakipunguza mwendo mara nyingi.

Mahali pa bodaboda na bajaji ni mwanzo na mwisho wa safari: kutoka mtaani hadi kituo cha barabara kubwa, na kutoka kituo hadi mlangoni unakokwenda. Bajaji ni ya pole, ina paa wakati wa mvua, na inachukua mzigo na mgonjwa. Zipo pia bajaji zinazobeba abiria kadhaa kwa nauli ya kila kichwa katika njia fupi ambazo daladala hazifiki, na hizo ni nafuu kuliko kukodi peke yako. Bei ya kukodi ipatanwe kabla ya kupanda, au iangaliwe kwenye programu ya simu, ambayo angalau humwonyesha mgeni kiasi kinachostahili.

Nani anasafiri

Niliandika mwanzoni kwamba mengine huja baada ya kusubiri na kuunganisha, lakini lipo jambo moja linaloweza kuupindua mpangilio wote, nalo ni mwili wa msafiri. Mama yangu mzazi ana maumivu ya magoti, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimsindikiza kliniki Upanga akitokea Kimara. Zamani nilimpandisha gari lililokuja kwanza, nikiamini nawahi. Siku moja, katika daladala tuliyoipanda njiani, alishindwa kuinua mguu hadi ngazi ya kwanza, konda akapiga bodi gari liondoke, na ni abiria mmoja tu, kijana aliyekuwa mlangoni, aliyemshika mkono na kumzuia asianguke. Tangu siku hiyo nilibadilisha vipimo.

Kwa mzee, kwa mjamzito, kwa mwenye mguu wa plasta na kwa anayetumia kiti cha magurudumu, mwendokasi nje ya saa za msongamano hauna mshindani, kwa sababu ya ile sakafu iliyolingana na kituo. Tatizo ni saa. Ndani ya umati wa asubuhi faida hiyo hupotea, maana mlango mpana humezwa na watu wenye haraka, na mzee hawezi kusukumana. Kwa hiyo tunaomba miadi ya saa 5 inapowezekana, tunaanzia Kimara Mwisho ili apate siti, tunashuka Fire, na kutoka hapo tunachukua bajaji kwa mwendo mfupi hadi kliniki. Mvua ikiwa imenyesha usiku napiga simu kwanza kwa ndugu anayeishi Magomeni aniambie Jangwani pakoje.

Mwanafunzi ana shida ya aina nyingine. Nauli yake ndogo humfanya awe wa mwisho kupakiwa na konda anayewaza hesabu, na watoto huachwa vituoni wakiwa na sare zao hadi giza linaingia. Kwenye mwendokasi tiketi yake imekatwa kabla ya kupanda na hakuna konda mlangoni wa kumkataa. Mzazi anayetafuta shule na ana uwezo wa kuchagua, achague ile iliyo kwenye njia hiyo au ile ambayo mtoto ataifikia kwa miguu.

Mfanyabiashara mwenye mzigo kutoka Kariakoo hana sababu ya kuufikiria mwendokasi jioni, kwani viroba na maboksi havina nafasi pale. Daladala itampokea kwa makubaliano na konda juu ya nauli ya mzigo, au akodi bajaji na wenzake wawili wanaoelekea upande mmoja.

Usiku nao una kanuni zake. Kuanzia saa 4 daladala hupungua, zinazobaki hazitaki kufika mwisho wa ruti, na mwanamke anayesafiri peke yake asikubali kushushwa kituo kisicho chake kwa sababu dereva ameamua kugeuza. Aulize kabla ya kupanda, kwa sauti ambayo abiria wengine wataisikia, kama gari linafika mwisho, na simu aiweke ndani badala ya kuishika karibu na dirisha, kwa kuwa vibaka hunyakua gari linapopunguza mwendo. Kama anakoishi kupo kwenye njia ya mwendokasi na mabasi bado yanatembea, apande hayo, kwa sababu vituo vina taa na walinzi. Akishuka, amwite bodaboda anayemfahamu wa kijiwe cha mtaani kwao, ambaye namba yake aliihifadhi mchana.